Chaki Isiyokanyagwa

4 Februari

Mdogo wangu Kesho,

Marahaba mapema, maana najua shikamoo yako itachelewa njiani kama kawaida yake. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale wanao wawili, bado wanakula kama mchwa? Mimi sijambo. Vidole tu vinaniuma asubuhi, vikishapata joto vinasahau. Hapa chumba cha kushonea tumeletewa mlima wa shuka zenye matundu. Sijui wageni wa hoteli hii wanalala na misumeno. Siwalaumu lakini, matundu yao ndiyo yanayonilisha.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameanguka uani, na hakuna aliyeniambia. Jumapili kwenye simu alinisimulia habari za kuku wake mpaka kuku wakaisha, kisha nikasikia sauti ya mtoto nyuma yake: "Bibi, mguu bado umevimba?" Mama akamnyamazisha upesi, akarudi kwenye kuku. Nilipombana ndipo aliposema aliteleza akienda kuoga, na kwamba si kitu. Mlitaka nisikie lini, msibani?

Bafu kuwa kule mwisho wa uwanja kulimfaa mama alipokuwa na miguu ya kushindana na mvua. Sasa hakumfai. Tumesema siku nyingi, mimi na wewe, kwamba nyumba ikikarabatiwa bafu litaingia ndani. Basi mwaka huu liingie. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba yetu ni ya kijiji kizima: ukiuliza swali moja wanakujibu watu watano, na mama anasikiliza huku anajifanya anachambua mchele. Simu ni ya salamu, karatasi ni ya mambo. Ndivyo baba alivyotufundisha.

Mimi naona stoo inafaa. Imepakana na chumba cha mama. Toboeni mlango hapo, na ukutani mweke chuma cha kushikilia, upande wa mkono wake wenye nguvu.

Na jambo dogo la mwisho: kitasa cha mlango wangu. Mara ya mwisho nilipokuja mlango ulikuwa haufungi, unapigwapigwa na upepo kama wa banda la mbuzi. Kitengeneze. Wewe nakujua.

Dada yako,
Sindano


11 Machi

Dada Sindano,

Shikamoo. Sisi wazima, na tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama umepungua uvimbe. Anatembea na mpini wa ufagio. Nilimnunulia fimbo nzuri ya kuchongwa, akaitazama, akasema fimbo ni ya wazee, akaiegemeza nyuma ya mlango, na hapo ndipo ilipo. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto nao wanakusalimu, na wamefungua duka chumbani kwako. Kitanda chako ndicho meza ya duka. Wanauza mawe, vifuniko vya chupa na vifungo walivyoviokota kwenye kopo lako. Wakitoka shule tu, begi chini, duka wazi. Mama yao akiwafukuza wanarudi, wanasema Shangazi hana neno. Mimi mwenyewe nimeuziwa jiwe, na bei yao si ya kindugu.

Kuhusu bafu. Nilimwita fundi bomba, mtu mmoja mrefu asiyecheka. Alikuja na mpira mwembamba umejaa maji, akanishikisha ncha moja stoo, yeye akaenda na ncha ya pili mpaka kwenye shimo la maji machafu kule nyuma. Maji ya upande wangu yakatulia pale pale alipotaka niyaone. Akasema, "Stoo yako iko chini kuliko shimo. Maji machafu hayapandi mlima, bwana." Kwa hiyo stoo imekufa.

Anasema bafu likae upande wa nyuma, na huko ametaja mahali pawili panapowezekana. Tunapafikiria. Tukiamua nitakuandikia.

Kitasa nakikumbuka.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu juu ya hilo jiwe mpaka msimamizi wetu akaja kuuliza kuna nini. Waambie wenye duka kwamba Shangazi kweli hana neno, ila vile vifungo vya lulu ni vya gauni la mtu, wasiviuze kabla sijafika bei. Mimi naendelea vizuri. Kazi ipo. Nimeanza kufikiria mapumziko, lakini hayo tuyaache.

"Mahali pawili" ndiyo wapi na wapi? Unaniandikia kama vile mimi ni mpangaji wa zamani. Nyumba ile naijua kama gauni nililolikata mwenyewe. Chumba cha mama kiko katikati, upande huu kuna chumba chenu, upande huu kuna changu. Basi mahali pawili ni hapo na hapo. Chenu kilikuwa karakana ya baba, kikubwa. Kona yake ya nyuma inatosha bafu, na bado mtabaki na nafasi ya vitanda na kabati. Changu ni kidogo. Bafu likiingia mle hakibaki chumba chenye bafu, linabaki bafu.

Najua kumegwa chumba si raha. Usiku mtasikia maji, na wifi yangu atalalamika, na atakuwa na haki. Lakini tusigombane. Mwacheni mama achore chaki, kama tulivyolelewa. Unakumbuka kabati la vyombo? Baba alilitaka ukumbini. Mama akachukua chaki yake ya kushonea, akalichora kabati sakafuni kwa ukubwa wake kamili, akaliacha wiki. Mwisho wa wiki hapakuwa na mstari hata mmoja, nyayo zetu zilikuwa zimeifuta yote, akamwambia baba, "Umeona? Hapa watu wanapahitaji." Akalichora tena pembeni ya jiko, chaki ikabaki, na kabati likakaa hapo mpaka leo. Baba alinuna siku mbili, kisha akakiri kwamba chaki haina upendeleo.

Basi itakavyosema chaki, mimi nimekubali. Nikikubali nimekubali.

Na kitasa? Nauliza tena kwa sababu zangu. Godoro langu nalo lianikwe juani.

Dada yako,
Sindano


28 Mei

Dada Sindano,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Kazi na mafundi walinishika huku na huku. Wote wazima. Mtoto mdogo ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu.

Bafu limekwisha. Chaki ilichorwa kama ulivyosema, ikakaa wiki yake, na mama mwenyewe akaamua. Vigae ni vyeupe. Maji ya moto yapo. Chuma cha kushikilia kiko upande wa kulia, na nimening'inia hapo mwenyewe kwa uzito wangu wote kukijaribu. Mama sasa hataki kutoka humo. Asubuhi jua likipiga vile vigae anakaa kwenye kigoda chake, anajimwagia maji polepole na anaimba. Wifi yako anasema zamani tulikuwa tunamsubiri arudi kutoka uani, sasa tunamsubiri atoke bafuni.

Kitasa nilikitengeneza siku nyingi, mara tu nilipopata barua yako. Mlango unafunga vizuri.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kwamba mama anaoga kwa raha. Nalisema kwanza na nalisema kwa moyo mweupe, lisije likapotea katika haya yanayofuata.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno moja: wapi. Halimo. Umeniambia rangi ya vigae, umeniambia upande wa chuma, umeniambia na kigoda. Wapi, hukuniambia. Nikaiweka chini ya mto, nikaitoa, nikaisoma tena, ndipo nikaliona jua.

Jua la asubuhi, mdogo wangu, linaingia chumba kimoja tu katika nyumba ile. Stoo inatazama barabara. Dirisha la mama linatazama ukuta wa jirani. Chumba chenu kinapata jua la jioni, ndiyo maana baba aliweza kuranda mbao zake mpaka magharibi bila taa. Jua la asubuhi ni langu. Lilikuwa linaniingia machoni kila siku ya Mungu, na mama akipita anasema, "Hata jua limekuchoka, amka."

Kwa hiyo mnaoga chumbani kwangu. Mama anaimba pale kilipokuwa kitanda changu, na wewe ukaniandikia kuhusu jino la mtoto.

Nimesalitiwa, sina neno jingine. Kila Jumapili naongea na mama. Ananiambia maji ya moto yanavyomfaa mgongo, namwambia alhamdulillahi, na hata mara moja hajasema ni chumba cha nani. Wifi yangu anachukua simu, ananiuliza hali, anacheka. Nyumba nzima mlikuwa mnajua, na mimi niliyeko mbali nilikuwa nashangilia kubomolewa kwangu mwenyewe.

Sasa nikwambie nililokuwa nimelificha. Hoteli inafunga chumba cha kushonea. Shuka ikitoboka watanunua nyingine. Mwisho wa Agosti narudi, na siji likizo, narudi kabisa. Nilitaka niwashtukize: nifike na sanduku, nifungue mlango wangu kwa kitasa kizima, nilale kwenye godoro langu. Nilipokuwa nauliza kitasa, ndilo nililokuwa naliuliza.

Nieleze basi. Nimekaa nasubiri.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama nje ya posta, watu wakinipita. Nimekawia kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Mama alichora siku moja mahali pote pawili. Kwanza kona ya chumba chetu, kisha sakafu ya chumba chako. Kwetu, siku ya pili hapakuwa na kitu. Tunalala humo watu wanne, tunavaa humo, watoto wanasomea humo, chaki ingekaa wapi? Kwako wiki iliisha mistari ikiwa kama alivyoichora. Mama alisimama mlangoni na mpini wake wa ufagio akaitazama muda mrefu. Akasema, "Hapa hakuna aliyekanyaga." Akasema tena, polepole, asiyekuwepo na lake halipo, akaenda zake jikoni na hakula siku ile. Mimi sikumshawishi kwa neno hata moja. Na chaki uliiita wewe, dada. Nina barua yako.

Nikuambie na lingine, kwa kuwa tumefika hapa. Kila mwaka unasema mwaka huu nakuja. Kila mwaka mama anatoa godoro lako, anaazima nguvu za wifi yako kulibeba, analianika, analichapa vumbi, anatandika shuka uliyoituma wewe. Kisha unapiga simu kwamba likizo imeahirishwa. Mama anasema haidhuru, na shuka inakaa hapo mpaka inanuka sanduku. Mtoto wangu mdogo anakujua kwa sauti tu, akichora familia anakuchora wewe ni simu. Mwaka jana mama hakulianika godoro. Nilimuuliza, akasema kifua kinamuuma. Kifua chake kilikuwa kizima.

Ungeniambia unarudi, nani angegusa ukuta wako? Ulificha wewe kwanza.

Vitu vyako vyote viko salama. Sanduku liko chini ya kitanda cha mama, kitanda chako kiko stoo, cherehani iko sebuleni imefunikwa. Hakuna hata sindano iliyopotea.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumai mu wazima. Mimi naanza kufunga mizigo.

Habari ya godoro imenipata mahali pabaya. Unayosema ni kweli, na sitakujibu kwa ukali. Sikujua kwamba alikuwa akilianika. Nilidhani nikisema "haidhuru" na yeye akisema "haidhuru", mambo yameisha. Hilo nitaliongea na mama mwenyewe, uso kwa uso.

Lakini wewe na mimi bado hatujamaliza.

Nilikaa na barua yako ya juzi mkononi na ile ya Machi mapajani. Katika ile ya Machi una watoto wawili wenye duka kwenye kitanda changu. Wakitoka shule tu, begi chini, duka wazi, wakifukuzwa wanarudi. Katika hii ya juzi una sakafu ya chumba hicho hicho ambayo kwa wiki nzima hakuna aliyeikanyaga. Nikasema labda waliugua. Labda duka lilifilisika.

Jumapili nikamuuliza mama, baada ya kuku.

"Mama, wiki ile ya chaki, duka la watoto lilikuwa wapi?"

"Uani, chini ya kamba ya nguo. Walilia hao!"

"Kwa nini uani?"

"Si mlango wako ulikuwa umefungwa? Baba yao alisema kitasa kipya wasikichezee."

Nikasikia kuku, nikasikia na mtu anapita na ndoo. Nikamwita mama. Akasema kwa sauti ndogo, "Yeye alinisomea barua yako. Ulisema umekubali."

Hukumshawishi kwa neno, nakuamini. Neno ulilomsomea lilikuwa langu. Sijui kama ulimsomea na yale yaliyotangulia, kwamba kona ya chumba chenu inatosha.

Kitasa kile kimekaa kibovu tangu mwanao mdogo yuko mgongoni. Nilikuomba kwa simu, nikakuomba kwa mdomo, nikakuomba kwa karatasi. Tunakuita Kesho, na si kwa kukuonea. Ulipoandika kwamba ulikitengeneza "mara tu ulipopata barua", hapo hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa na furaha. Nilidhani umenitengenezea mimi.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo maisha yangu yote, nimeusema msemo huo mara nyingi na kucheka, na sikuwahi kujikagua mwenyewe.

Unajua kinachoniuma zaidi ya chumba? Ungeniandikia hivi: dada, sisi ni wanne, tumebanana, watoto wanakua, nikimegwa kona sijui tutalala vipi, naomba chumba chako. Ningenuna. Ningekuita majina yote ninayoyajua na mengine ningeyaazima kwa wenzangu hapa. Kisha ningekupa. Wewe ulijua kwamba ningekupa. Ukaona ni rahisi zaidi kuidanganya chaki ya mama, kitu pekee katika nyumba ile ambacho hata baba aliogopa kukidanganya. Yule mama akasimama mlangoni na mguu wake mbovu, akaamini kwamba binti yake amefutika nyumbani. Hukunifungia mlango mimi tu, mdogo wangu. Na yeye ulimfungia.

Nataka jambo moja. Uniandikie kwa mkono wako: nani alifunga mlango, na kwa nini. Usinipe meno ya watoto.

Dada yako


10 Agosti

Dada Sindano,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Hali zetu ni hivi hivi. Wifi yako anakusalimu, na ameniambia niandike kwamba habari ya mlango hakuijua, na kwamba amelia. Mimi ni shahidi, alilia, na sasa chakula changu ananipa kwenye sahani ya bati. Mama hasemi nami tangu Jumapili ile, ila kuomba chumvi.

Siku ya pili yake aliingia chumbani kwetu na chaki. Hakubisha hodi. Akapiga magoti pale kwenye kona ya nyuma, polepole, na goti lake hilo, akakataa mkono wangu. Akachora kitanda kwa ukubwa wake kamili. Akachora na meza ya cherehani, na kiti chake. Kisha akaufungua mlango wetu wazi kabisa, akaweka kigoda ukumbini na kukaa hapo na mshono wake, na kila mtu aliyepita alimtazama miguu. Alikaa hapo siku zote za wiki ile. Watoto wanapita kwa ubavu, wamejibana ukutani. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, naruka. Wiki imekwisha na mistari ipo yote, hata ya kiti.

Fundi mwashi atakuja kupandisha ukuta mwembamba hapo. Jua la asubuhi halitakuwepo, utasamehe. La jioni linaingia vizuri, nilikuwa sijawahi kuligundua.

Lile uliloniuliza nimelianza mara nyingi. Nikiandika "nani", mkono unaenda. Nikifika "kwa nini", unasimama. Nimekaa na karatasi hii tangu chai ya asubuhi na sasa wanatandika chakula.

Ndani ya bahasha nimeweka kitu. Mlango wa bafu wa upande wa ukumbini ni ule ule mlango wako, na kitasa ni kile kile. Huu ndio ufunguo wake. Uko mmoja tu. Ulikuwa mfukoni mwangu.

Mdogo wako


20 Agosti

Kesho,

Marahaba mbili, kwa shikamoo mbili.

Nimeupata ufunguo. Wenzangu walidhani ni wa sanduku. Mimi nilitaka maneno, wewe umenitumia chuma. Najua umesema ulichoweza, na najua vilevile kwamba hukusema. Sijakusamehe. Nikikudanganya kwamba nimekusamehe tutakuwa wadanganyifu wawili ndani ya nyumba yenye kuta nyembamba. Labda nitakusamehe, lakini hilo nalo, kwa sasa, liite kwa jina lako.

Jana tulifunga chumba cha kushonea. Msimamizi alinipa shuka moja iliyobaki, niliyoitia kiraka mwenyewe, na kiraka hakionekani. Nitaitandika kwenye hicho kitanda cha mama cha chaki.

Fundi asije kabla yangu. Mistari iacheni sakafuni. Nataka niikanyage mimi kwanza, huku na huku, mpaka ifutike, na mama awe hapo kwenye kigoda chake ananitazama. Baada ya hapo jengeni ukuta wenu. Mama mwambie godoro asilianike, nitalianika mwenyewe. Wifi yangu mwambie nampa pole, na akurudishie sahani yako, bati linaharibu mboga.

Najua nitakapofika, kwa adabu zake, wifi atataka kunishika mkono anionyeshe bafu liko wapi. Asinionyeshe. Wageni ndio wanaoonyeshwa bafu. Mimi nitaingia mwenyewe na vumbi langu la safari, nitafunga kwa ufunguo wangu, nitakaa kwenye jua langu mpaka nichoke. Ninyi wengine mtakaa ukumbini mnanisubiri.

Dada yako,
Sindano